Siku Niliyompeleka Masera Kwenye Maji ya Moto

Jamani, ngojeni nijicheke mwenyewe kabla ninyi hamjanicheka, maana watu wa Gisenyi wa wakati ule bado wapo wachache, na kila tukikutana kwenye arusi au msibani lazima mmoja aniulize, "Zubeda, machela yako iko wapi?", na wengine wote wanaangua kicheko, nami natabasamu kama mtu asiyejali huku masikio yanawaka. Basi leo nitawasimulia mwenyewe, ili muisikie habari hii kutoka kwa aliyebebwa na si kwa waliotazama.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ndogo ya masista pale mjini. Mtauliza mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu alifikaje kwa masista. Nilifika kwa sababu Baba ndiye aliyewashonea aprani zao, na siku moja Masera Ludovika alipokuja kuzichukua alinikuta nakata kitambaa kwa mstari ulionyooka bila chaki, akasimama akanitazama weee, kisha akamwambia Baba, "Fundi, mikono ya huyu mutoto unipe mi. We utabaki na yako." Baba alicheka, akalifikiria jambo hilo siku kadhaa, akakubali kwa sharti nirudi nyumbani kila jioni na mtu asinibadilishe jina. Masera alizishika ahadi zote mbili.

Huyo Masera (masista wote tuliwaita hivyo, lakini humu mkisikia Masera mjue ni yeye tu) alikuwa mrefu, mcheshi, na Kiswahili chake alikiokota kule Kongo kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo akikukemea ungedhani unakemewa na mama muuza ndagala sokoni. Nilimpenda. Sioni haya kusema, nilimpenda kama nilivyompenda shangazi yangu aliyenilea, na yeye alijua, akanitumia kama watu wanavyomtumia mtoto anayewapenda, yaani kila kazi nzito alinipa mimi.

Mwaka ule alirudi kutoka likizo Ulaya akitembea na fimbo. Sisi wanafunzi tukanong'onezana, mmoja akasema ni uzee, mwingine akasema amerogwa kwenye meli, mpaka asubuhi moja akaingia darasani akisukuma baiskeli ya bawabu, akaiegemeza kwenye meza, akakaa, akasema, "Leo mugonjwa wa somo iko mi."

Akamwambia rafiki yangu Veneranda, binti wa mvuvi wa pale ziwani, ainue gurudumu na kulizungusha. Dinamo ikalia, taa ya mbele ikawaka, ikazima, ikawaka tena kwa unyonge, ikazima. Masera akatuonyesha waya unaotoka kwenye dinamo kwenda kwenye taa, mpira wake umechubuka mahali kadhaa. "Angalieni," akasema. "Dinamo iko muzima, taa iko muzima. Hii ngozi ya waya ndio imechubuka, donc umeme unapotea njiani." Akatueleza kwamba ubongo ndiyo dinamo, miguu na macho ndizo taa, na neva ndizo waya, nazo zina ngozi yake ya kuzifunika, katika ugonjwa wake ile ngozi inaharibika hapa na pale ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na palipoharibika panabaki kovu, baka gumu lililokakamaa, ndiyo maana Wafaransa wakauita sclérose en plaques, ugonjwa wa mabaka magumu. Kwa nini ngozi inaharibika, alisema, madaktari wa Ulaya nao hawajui, wanakuna vichwa tu.

Alitusimulia kila kitu bila kuona aibu, kwamba kwanza jicho moja lilipata ukungu wiki kadhaa kisha likapona lenyewe, akasahau, halafu mguu ukafa ganzi kama mguu uliokaliwa, ukapona nusu, halafu ukaja uchovu ambao si uchovu wa kazi. Unakuja, unaondoka, unarudi. Hauambukizi (alisema hivyo akimtazama mwenzetu mmoja aliyekuwa amevuta kiti nyuma, naye akakirudisha). Dawa ya kuuponya haipo. Yupo muuguzi, basi: kupumzishwa, kunyooshwa viungo visikakamae, kukandwa, kugeuzwa kitandani ngozi isioze siku ukishindwa kujigeuza, kusaidiwa kwenda haja kwa wakati bila kufanywa mtoto. "Na sindano ya vitamini," akasema, "juu daktari naye anataka kuonekana anafanya kitu."

Tukacheka. Akatuacha tucheke, kisha akasema la mwisho. Mama Mkubwa wa masista anakuja kutoka Bukavu kwa boti, atamtazama akifanya kazi, na akiona miguu haifai atamrudisha Ubelgiji moja kwa moja.

Ninyi hamkuwepo, hamwezi kujua neno hilo lilivyoniingia. Baba hakunikabidhi kwa masista, alinikabidhi kwa Masera. Yeye akiondoka, mimi kesho yake niko barazani nashona vifungo nikingoja kuposwa. Na hata hilo niliweka pembeni, jamani, kilichoniuma zaidi ni kumfikiria yeye katika chumba cha Ulaya chenye dirisha moja, hana mtu wa kumkemea.

Sasa, akili yangu. (Hapa ndipo mnaruhusiwa kuanza kunicheka.) Katika somo lote lile refu mimi nilishika neno moja, kukakamaa. Na mtoto wa fundi cherehani anajua kitu kikikakamaa kinafanywaje. Suruali ya kaki imekakamaa, unaipiga pasi ya mkaa. Ukosi umekataa kulala, unaupiga pasi. Basi mabaka yale magumu nayo yanataka joto, na joto tunalo, tena la bure, pale Nyamyumba kando ya ziwa maji yanatoka ardhini yakichemka, amashyuza, na hakuna mama wa Gisenyi mwenye goti bovu au mgongo uliokaza ambaye hajawahi kupelekwa kukaa mle. Bibi yangu mwenyewe alipelekwa amebebwa, akarudi anatembea na kutukana. Wazungu hawajui, nikajisemea, watajuaje, kwao kuna barafu tu.

Nikamfuata Masera Jumamosi jioni, nikamwambia. Alinitazama, akatazama fimbo yake. "Bon," akasema. "Mi nimesali, nimelala, nimechomwa sindano mupaka nimekuwa chujio. Kama ile maji inasaidiaka bamama ya hapa, itakataa mi juu ya nini?" Mama Mkubwa alitarajiwa Jumatatu. Tukakubaliana Jumapili baada ya misa, wao wa misa waende misa, mimi niandae nguo, na baba yake Veneranda atupeleke kwa mtumbwi wake.

Basi tukaenda. Ziwa lilikuwa limetulia, Masera kakaa katikati juu ya mkeka, anaimba kwa Kilatini, mimi mbele nimebeba kanga mbili za Shangazi na taulo la hospitali, najiona daktari kamili. Veneranda peke yake ndiye hakuchangamka. "We Zubeda," akaniambia tukikaribia, "kule karibu na jiwe kubwa usimufikishe. Kule batu banapikaka viazi." Nikamwambia mimi si mtoto.

Upande wa wanawake ulikuwa umejaa, akina mama wamekaa majini na vitenge vyao vimefungwa kifuani, wanasuguana migongo na kusengenya. Walipomwona sista wa Kizungu anashuka kwenye mtumbwi masengenyo yakakatika. Tukamfunga kanga juu ya nguo yake ya ndani, kitambaa cha kichwani akakataa kukivua, akaingia taratibu, mimi huku, Veneranda huku. Mwanzo tulikaa pale maji ya moto yanapochanganyika na ya ziwa, vuguvugu tu, Masera akafumba macho akasema, "Aah, muzuri." Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini wale akina mama wakaanza kuuliza, huyu sista ana nini, nami (Mungu anisamehe) nikasimama nikawapa somo. Nikawaambia habari ya dinamo, nikawaambia habari ya mabaka, jina la Kifaransa nikalitamka mara mbili ili walifurahie, na mama mmoja mnene akasema kama ni ugumu basi hapo mlipo maji hayatoshi, ugumu unataka maji yenyewe. Wakaitikia wote. Nikaona haya kubaki kwenye vuguvugu na wanafunzi wangu wananitazama. "Masera," nikasema, "tusogee kidogo." Tukasogea. Akatoa jasho. "Kidogo tena." Veneranda akanikodolea macho. Tukasogea tena mpaka karibu na lile jiwe, Masera maji yako shingoni, uso umekuwa mwekundu, nami namkanda mapaja kwa nguvu huku nawaeleza akina mama kwamba mabaka sasa yanalainika.

Kilicholainika ni Masera. Alisema kwa sauti ndogo, "Zubeda, miguu imepotea," nikadhani anatania, kisha akasema, "na macho iko ukungu, sikuoni," na mikono yake ikaniteleza mabegani, akazama mpaka kidevuni. Nikamdaka. Niliteleza. Kanga yangu ikafunguka ikaenda zake, nikabaki na sidiria na aibu, nikapiga ukelele nisioweza kuwaigizia hapa, "Nimemuua Masera!", na wale akina mama wote wakainuka kwa pamoja, huyu kashika mguu, huyu kwapa, yule mnene ndiye aliyekuwa na akili, kashika kichwa, wakambeba juujuu mpaka kwenye mtumbwi, kitambaa chake cha kichwani kinaelea nyuma kinaelekea Kongo. Nywele zake zilikuwa fupi na za mvi. Sikuwahi kuziona, na nilihisi nimemvunjia heshima kuliko kumuua.

Baba yake Veneranda alisukuma mtumbwi majini. Alimfunika Masera koti lake la uvuvi lililonuka samaki, mimi nikajifunga taulo la hospitali, akaanza kupiga kasia. Mimi nilikaa mbele kabisa nimegeuza mgongo, sikuweza kumtazama, nalia, nahesabu watakaonilaani, Baba, masista, Mama Mkubwa, Ubelgiji nzima. Nyuma nilisikia Veneranda anachota maji ya ziwa kwa kata na kumwagia Masera kichwani na miguuni, na Masera akisema, "Tena. Mumimine tena," na mimi nikajua hizo ndizo kauli za mtu anayeondoka. Sikugeuka hata mara moja. Muuguzi gani huyo asiyemtazama mgonjwa wake? Lakini sikugeuka.

Tulipokaribia ufuko wa Gisenyi mji wote ulikuwa pale, maana Jumapili alasiri watu walikuwa wakitembea kando ya ziwa na nguo zao nzuri, na zaidi ya hapo ile boti ya Bukavu, iliyotarajiwa Jumatatu, ilikuwa imewahi kwa siku moja, imetia nanga, abiria wanashuka. Mimi sikuona boti. Niliona watu tu, nikasimama kwenye mtumbwi na taulo langu, nikakusanya pumzi yote niliyokuwa nayo, nikaita, "Leteni machela! Masera amepooza! Mimi ndiye niliyempoozesha!"

Ufuko mzima ukageuka. Nikaona mtu anakimbia kuelekea hospitali. Nikamwona Baba anasukuma watu, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni, nikapunga mikono yote miwili ili anione, nikasahau kwamba taulo halikufungwa vizuri, nikalidaka, mtumbwi ukayumba, na mimi huyoo, majini.

Hapakuwa na kina kirefu, ila palikuwa na jiwe, na kifundo changu cha mguu kikalikuta. Nikanywa maji, nikaibuka, nikazama tena, na nilipoibuka mara ya pili nikahisi nimeshikwa mkono na mkono wenye nguvu, napandishwa, na sauti juu ya kichwa changu inasema, "We mutoto wa fundi, simama basi. Maji iko kwa tumbo tu."

Nikatazama. Alikuwa Masera. Amesimama majini kwa miguu yake mwenyewe, koti la samaki mabegani, mvi zinachuruzika, ananiona vizuri kabisa. Nilidhani ni mzuka. Nikamshika usoni kwa mikono miwili mbele ya mji mzima, naye akaniacha nimshike.

Machela ikafika wakati huohuo, imebebwa na wanaume wawili wanaohema, wakauliza mgonjwa ni nani. Mimi nikajaribu kukanyaga, kifundo kikakataa. Basi jamani, machela niliyoiita kwa sauti yangu ndiyo niliyopandishwa, nimefunikwa taulo moja na kanzu ya Baba aliyoivua akabaki na fulana, nikabebwa kupita ufuko wote, na Masera anatembea kando yangu kanishika mkono, kila mtu anaona, na mbele ya njia kasimama sista mmoja mzee, mnyoofu, na sanduku lake dogo miguuni. Alikuwa Mama Mkubwa.

Alimtazama Masera kutoka nywele mpaka vidole. Akanitazama mimi. Akauliza kwa Kifaransa, "Mgonjwa ni yupi kati yenu?" Baba, ambaye Kifaransa hajui ila swali hilo lilijieleza lenyewe, akainama kwa adabu akasema, "Mama, hata sisi tunauliza."

Usiku ule nilijua mambo yamekwisha vizuri, kwa sababu Mama Mkubwa alikuwa amemwona Masera akitembea bila fimbo, na kilichobaki ni Masera anyamaze tu. Hakunyamaza. Asubuhi alimleta Mama Mkubwa darasani, mimi nimekaa mguu juu ya kigoda, akasimulia yote, pamoja na viazi. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikiwafundisha wauguzi maisha yangu yote, kwamba siku za jua kali miguu ilipomwangusha, alidhani kila mara ugonjwa umekula hatua nyingine, na usiku analia. Kumbe waya uliochubuka ukipata joto unapitisha umeme vibaya zaidi, ukipoa unarudi ulipokuwa. Joto halikuongeza makovu. Liliyafichua tu. "Siponi," akamwambia Mama Mkubwa. "Itarudi tena, na siku moja haitaondoka. Lakini leo najua saa gani niko mutu muzima na saa gani niko kitambaa. Unipe kazi ya asubuhi."

Mama Mkubwa alivuta kiti akakaa. Akasema Masera atabaki, atafundisha asubuhi na kupumzika mchana. Kisha akanigeukia mimi, nikajua nafukuzwa, na akasema huyu binti anayependa sana maji, kuanzia kifundo kitakapopona, kila alfajiri atachota ndoo ya maji baridi ziwani na kumwosha Masera miguu kabla ya somo. Veneranda akainamisha kichwa ili asionekane anacheka.

Wao waliiita adhabu. Niliibeba ile ndoo mpaka nikahitimu, na baada ya kuhitimu nikaendelea kuibeba, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Pale miguuni ndipo nilipojifunza uuguzi: namna ya kuunyoosha mguu unaojikunja wenyewe, namna ya kuitazama ngozi ya kisigino kabla haijawa nyekundu, na kuuliza. Kila siku niliuliza, "Leo miguu inasema nini, Masera?", na kila siku alijibu, hata siku ambazo jibu lilikuwa baya. Sikuzoea kuuliza kabla ya hapo. Kwenye yale maji ya moto nilikuwa nimewaeleza wanawake wote habari za Masera, na yeye mwenyewe sikumuuliza hata mara moja kama anaungua.

Ugonjwa ulirudi, kama alivyosema. Kwanza fimbo, kisha fimbo mbili, kisha kiti ambacho Baba alikishonea mto, na mwishowe walimchukua kumpeleka kwao, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, kwa sababu Mama Mkubwa naye alikuwa amejifunza. Mimi nilikuwa ziwani. Sikuwa nimeambiwa kama ni siku ile, au niliambiwa nikakataa kusikia, na nilipopandisha njia na ndoo yangu gari lilikuwa tayari limewashwa. Masera akateremsha kioo, akatoa mkono, akautumbukiza ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko. "Iko muzuri," akasema. "Leo miguu inasema asante, mutoto wa fundi."

Tangu siku ya Nyamyumba niliapa sitamtia mtu majini, moto wala baridi, kabla hajaniambia kwa mdomo wake anasikiaje, na kiapo hicho nimekishika kwa wagonjwa, kwa wanangu, na kwa wajukuu wanaodhani bibi yao ana kichaa. Ila siku ile gari lilipokata kona, nilibaki barabarani na ndoo imejaa na hakuna wa kumwosha. Nikavua viatu, nikajimwagia miguuni mwangu. Yalikuwa baridi sana yale maji, jamani, na yeye miaka yote ile hakuwahi kulalamika.